Getini wako wengine

Lalamiko jipya limeingia Mombasa na kila tajiri analo. Meneja wa hoteli Shanzu analo, mwenye godauni Shimanzi analo, mwenye yadi ya makontena Jomvu analo, na mama mwenye mkahawa nyuma ya Marikiti analo pia: vijana wanatoroka kazi. Hawaandiki barua wala hawaagi. Mtu analipwa Jumamosi jioni, Jumatatu haonekani, simu ukipiga haipatikani, na Jumatano unasikia yuko Kongowea anapakia viazi. Ukiuliza kulikoni, jibu liko tayari: kizazi hiki kimelelewa na simu, hakina subira, kinataka pesa bila jasho. Jibu hilo nimelisikia barazani, nimelisikia harusini, na nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu.

Lalamiko lina ukweli. Jibu ndilo lenye kasoro. Mtu anayeacha kuhesabu mashuka kivulini akaenda kubeba magunia juani hakukimbia jasho. Amekimbia mdomo wa mtu. Nasi tumezoea kuuchukulia mdomo huo kama tabia: bosi fulani ni mkali, fulani hana adabu, fulani ana matatizo yake nyumbani. Mimi nauona kama suala la bei. Tusi huota pale ambapo kumpoteza aliyetukanwa hakumgharimu mtukanaji hata shilingi, na sehemu kubwa ya ajira za mji huu imepangwa hivyo hasa. Anayelipa ni yule aliyetukanwa. Ndiyo maana semina za uongozi bora hazisaidii kitu, na ndiyo maana kuwalaumu vijana ni kumlaumu mtu aliyepiga hesabu sawasawa.

Anza na namna watu wanavyoandikwa. Pita maeneo ya viwanda ya Changamwe au Mikindani saa 12 asubuhi uone makundi ya watu wamesimama nje ya mageti. Nyapara, ambaye siku hizi anaitwa supavaiza, anatoka na karatasi na kunyoosha kidole: wewe, wewe, na yule wa fulana nyekundu. Vitambulisho vinakusanywa, geti linafungwa. Waliobaki nje hawaendi nyumbani. Wanavuka barabara, wanakaa chini ya mwarobaini kwa muuza chai, wanasubiri hadi saa 4, maana wanajua kuna uwezekano mkubwa mtu mmoja atatolewa nje kabla ya hapo na nafasi itapatikana. Walio ndani nao wanajua wale wa mwarobaini wapo. Hapo ndipo inapozaliwa ile sentensi inayoendesha eneo zima la viwanda kuliko mashine yoyote: "Kama hutaki, getini wako wengine." Bosi mwenye sentensi hiyo mkononi hana haja ya kujifunza namna nyingine ya kusema na watu.

Sasa angalia kinaya cha lalamiko lenyewe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 35, inasema mkataba wa kulipwa kwa siku unaweza kuvunjwa na upande wowote jioni ya siku yoyote, bila notisi. Upande wowote. Matajiri wengi walipenda mkataba wa namna hiyo kwa sababu unawaruhusu kumwambia mtu saa 11 jioni kwamba kesho asije. Kijana asiyerudi Jumatatu ametumia haki ileile, kwa masharti yaleyale waliyoyachagua wao. Kumwita mtoro ni kutaka mkataba uwe wa kutwa siku ya kufukuza na wa kudumu siku ya kuachwa. Na kuna kifungu cha 37, ambacho wengi hujifanya hawakijui: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, na haki zake zinabadilika. Waajiri wanaokijua vizuri ndio wale wanaompumzisha mtu siku chache kabla hesabu haijatimia, kisha wakamrudisha kama mgeni.

Aliye na mkataba wa mwezi naye hayuko salama, ila yeye anatukanwa kwa njia ya kisasa. Kijana mmoja niliyesimama naye kwenye feri ya Likoni alinisikilizisha sauti aliyotumiwa saa 5 usiku uliotangulia kwenye grupu la WhatsApp la kazini. Anafanya kazi kitengo cha kufulia nguo cha hoteli moja. Sekunde 48. Supavaiza anamtaja kwa jina mbele ya watu 63, anasema mamake alibeba mimba ya gunia, kisha anataka mashuka yahesabiwe upya kabla ya saa 1 asubuhi. Chini yake watu 11 wameweka kidole gumba. Yeye mwenyewe aliandika, "Sawa bosi." Nilimuuliza kama mashuka yalipungua kweli. Akasema yalitimia, aliyekosea hesabu ni aliyetuma sauti. Hakufuta kitu. Anazo nyingine kadhaa, amezihifadhi zote.

Kuna mambo mawili ya kisheria hapa ambayo hayasemwi pamoja, na yanapaswa kusemwa pamoja. La kwanza: kifungu cha 44 cha sheria hiyohiyo kinaorodhesha makosa yanayoweza kumfanya mfanyakazi afukuzwe papo hapo, bila notisi. Mojawapo ni kutumia lugha ya matusi, au kuonyesha mwenendo wa kumtusi mwajiri wake au mtu aliyewekwa na mwajiri kuwa na mamlaka juu yake. Soma tena. Kijana wa feri akimrudishia supavaiza zile sekunde 48 neno kwa neno, kwenye grupu lilelile, anaweza kufukuzwa mchana huo. Sheria haikutamka kosa la kinyume chake kwa maneno kama hayo. Kifungu cha 6 kinakataza unyanyasaji wa kingono, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na sera yake ya maandishi. Hilo ni jambo kubwa na lisibezwe. Lakini tusi la kawaida, la kila siku, la mamako na gunia, limeandikwa likielekea juu tu.

La pili: kijana huyo akisema basi, naondoka leo, kifungu cha 36 kinampa njia ya kuondoka bila notisi, yaani amlipe mwajiri wake mshahara wa kipindi cha notisi. Kwa mtu wa mwezi, mara nyingi ni mshahara wa mwezi mzima. Tusi ni bure kwa anayelitoa, na mlango wa kutokea una ada kwa aliyelipokea. Hii ndiyo bei ninayoisema.

Mwanasheria atanikatiza hapa, na ana haki. Katiba ya 2010, ibara ya 28, inampa kila mtu haki ya utu wake kuheshimiwa, na ibara ya 41 inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayostahili. Tena Mahakama ya Rufaa ilishaeleza mwaka 2015 misingi ya kumhesabu mtu aliyejiuzulu kuwa ni mtu aliyefukuzwa, pale mwajiri anapoifanya kazi isikalike. Kwa hiyo njia ipo. Naikubali. Lakini ni njia ya nani? Aliyeondoka ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Atahitaji wakili au chama, atahitaji mashahidi ambao bado wanakula mshahara wa yule anayeshtakiwa, na atahitaji miezi, pengine miaka, ya kusubiri Mahakama ya Ajira hapa Mombasa huku akitafuta kazi kwa waajiri wanaojuana. Karani mwenye miaka 15 kazini anaweza kujaribu. Mtu wa kufulia mashuka atazima simu. Tunachokiita utoro ni kesi ya maskini: anaifungua, anaisikiliza na kuihukumu yeye mwenyewe, Jumapili usiku.

Maneno yale ya kifungu cha 44, kwa njia, yana ukoo. Sheria za mabwana na watumishi za enzi ya ukoloni, ambayo ya kwanza ilitungwa mwaka 1906, zilifanya kuwa kosa la jinai mtumishi kumtolea bwana wake lugha ya matusi, na kuacha kazi kabla ya muda lilikuwa kosa la kupelekwa mbele ya hakimu. Kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha mfanyakazi Mwafrika, kilichofuata baadaye, kikining'inizwa shingoni ndani ya kikasha cha bati, kilihakikisha aliyeondoka bila kutiwa saini anajulikana popote aendapo. Jela imeondoka, kipande kimeondoka. Mwelekeo wa tusi umebaki vilevile, na neno "mtoro" tumelirithi zima.

Hapa ndipo inapofaa kuitazama hoja dhaifu kuliko zote, ile inayosema wazee wetu walivumilia. Walivumilia lini? Tarehe 13 Januari 1947 mji huu ulisimama. Makuli wa bandari, watu wa reli, wapishi na mayaya wa majumba ya Wazungu, wafanyakazi wa hoteli, watu wanaokadiriwa kufika 15,000, waliweka kazi chini kwa takriban siku 12. Walikusanyika kila siku kwenye uwanja walioupa jina la Kiembeni, wakajadili mambo yao wenyewe kwa wenyewe, na katika siku hizo kikazaliwa chama cha wafanyakazi Waafrika kilichoongozwa na Chege Kibachia. Tukisimulia mgomo ule tunasema mshahara, na kweli mshahara ulikuwepo, na gharama za maisha baada ya vita, na kulipwa chini ya watu wa rangi nyingine kwa kazi ileile. Lakini katika manung'uniko waliyoyaorodhesha, kudharauliwa kwa mfanyakazi Mwafrika popote anapofanya kazi kulitajwa peke yake, kama jambo linalosimama kwa miguu yake. Mtu mzima mwenye watoto alikuwa anaitwa "boi". Kibachia alikamatwa Agosti ya mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Kabarnet. Hao ndio wazee wanaosemwa walivumilia.

(Na "boi" lenyewe halijafa. Malori yanayotoka bandarini bado yana tanboi, yaani msaidizi wa dereva. Namjua mmoja mwenye wajukuu. Hakuna anayeona ajabu, naye hajali. Nimelitaja kwa sababu lipo.)

Serikali ya kikoloni yenyewe ilisoma somo ambalo matajiri wetu hawajalisoma. Katika miaka ya 1950 bandari ilianza kuachana na vibarua wa kutwa, ikawa inaandika makuli kwa mwezi, watu wanaojulikana kwa majina. Haikufanya hivyo kwa upendo. Iliona kwamba umati wa watu wasio na cha kupoteza, unaosimama getini kila asubuhi, ni hatari kwa meli. Lakini matokeo yalikuwa kwamba kuli akawa na rekodi, akawa na chama, na kumpoteza kukawa na gharama. Waulize wastaafu wa bandari wa Likoni na Majengo kama walitukanwa kazini. Watakuambia ndiyo, sana, kisha watakusimulia kwa furaha namna walivyojibu.

Tuache hoja dhaifu, tuje kwenye nzito. Kuna watu wenye akili wanaoamini kwamba kazi za Mombasa haziendi bila ukali, na wana sababu. Huu ni mji wa saa. Kontena likishushwa, siku za bure zinaanza kuhesabiwa. Zikiisha, storeji, yaani ada ya kuuhifadhi mzigo, inapanda kila siku, na mwenye meli anadai demareji, ada ya kucheleweshewa kontena lake, kando. Hoteli ikiwa na wageni 200 wa kundi moja wanaofika saa 6 mchana, vyumba haviwezi kuwa tayari saa 8. Msimamizi hana muda wa kumbembeleza mtu. Nimekaa na mmiliki mmoja wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mtu mwema kabisa nje ya ofisi, akaniambia: "Wewe kaa pale kwangu siku moja storeji ikikimbia, uone kama utasema tafadhali." Namuelewa. Sisemi hata kidogo kwamba bosi asikemee, asiharakishe watu, au asimwambie mtu kazi yake ni mbovu.

Lakini hoja hiyo inadhani tusi linaongeza kasi, na hapo ndipo inapoanguka. Mwaka 2015 watafiti, Arieh Riskin na Amir Erez wakiwemo, walichapisha jaribio walilolifanya Israel kwa timu 24 za madaktari na wauguzi wa watoto njiti. Timu zilipewa mwanasesere wa mazoezi anayeigiza mtoto ambaye hali yake inazorota. Baadhi yao, kabla na katikati ya kazi, walisikia maneno ya mtaalamu wa kigeni aliyewaambia kwamba hakuvutiwa na kiwango cha tiba cha nchi yao. Hakufoka, wala hakumtaja mama wa mtu. Timu zilizosikia maneno hayo zilikosea zaidi kutambua ugonjwa na zikafanya vibaya zaidi matibabu yenyewe, na sehemu ya sababu ni kwamba watu waliacha kupashana habari na kuombana msaada. Kama dharau ya adabu namna hiyo inaharibu mikono ya daktari, sauti ya sekunde 48 inafanya nini kwa mtu anayehesabu mashuka usiku wa manane?

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali nchini Marekani akitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume. Ilimchukua muda kugundua kwamba timu nzuri hazikuwa zikikosea zaidi. Zilikuwa zikisema zaidi. Penye bosi mkali wa mdomo makosa yapo vilevile, ila yamefichwa.

Hili sikuhitaji kulisoma kwa mtu. Nikiwa kijana nilifanya ukarani katika ofisi moja ya kutoa mizigo. Siku moja niliandika katoni 740 badala ya 470 kwenye hati ya forodha. Nililigundua kosa jioni hiyohiyo, na kulirekebisha wakati ule kungekuwa kazi ya nusu saa. Lakini asubuhi yake tajiri alikuwa amemrushia mwenzangu faili usoni kwa kosa dogo zaidi, karatasi zikaenea sakafuni, na mwenzangu akaziokota moja moja huku sote tukiangalia kompyuta zetu. Nikanyamaza. Maafisa walipofungua kontena hesabu ikakataa, mzigo ukalala siku 6, na storeji ya siku 6 ililipwa na yuleyule aliyerusha faili. Hakuwahi kujua kwamba aliinunua mwenyewe asubuhi ile. Yule mwenzangu aliondoka mwezi uliofuata, bila barua.

Kwa hiyo nilimjibu rafiki yangu mwenye kampuni kwamba si lazima aseme tafadhali. Aseme kontena limechelewa. Aseme nani alitakiwa kulifuatilia na kwa nini hakufanya. Aseme kwa sauti kubwa akipenda. Mpaka kati ya ukali na tusi si mgumu kama unavyodaiwa, hasa kwa Waswahili, watu wenye msamiati wa jambo hili kuliko wengi: tunajua tofauti ya kukemea, kukaripia, kufokea, kusuta, kudhalilisha, na matusi ya nguoni. Fundi seremala wa Mji wa Kale anayemfokea mwanafunzi wake kwa kupinda ubao anausema ubao. Akianza kumsema babake, kila aliyepo anajua jambo limebadilika, na mzee mmoja atakohoa. Neno likikiacha kitu na kumgeukia mtu, likisemwa mbele ya wengine ili wasikie, kwa mtu asiyeweza kujibu, basi halina tena uhusiano na mzigo uliochelewa.

Hii inanipeleka kwenye hoja nyingine inayopendwa hapa Pwani, kwamba mkubwa kumkemea mdogo ni malezi, ni adabu yetu, na haya mambo ya haki za kazini yametoka ng'ambo. Naipinga kwa kutumia adabu yenyewe. Shikamoo haiendi peke yake, inataka marahaba. Mkubwa asiyeitikia ndiye anayeonekana amekosa malezi, si mdogo aliyesalimu. Wahenga walisema heshima si utumwa, na hawakusema hivyo kwa watoto tu. Na tukitaka kwenda ng'ambo, twende kwa watu wanaoinamiana kuliko sisi: Wajapani, ambao wana neno lao "pawahara" kwa ajili ya bosi anayetumia cheo kumnyanyasa mtu, walipitisha sheria mwaka 2019 inayowalazimisha waajiri kulizuia, ikaanza na makampuni makubwa Juni 2020 na kufika kwa madogo Aprili 2022. Hakuna aliyesema Wajapani wamepoteza heshima kwa wakubwa. Mwaka huohuo wa 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, nao unamlinda mtu bila kujali aina ya mkataba wake, hata anayejifunza kazi na anayetafuta kazi. Yaani hata wa getini.

Kuna pingamizi moja linalonisumbua kweli. Kama tusi linatokana na urahisi wa kumpoteza mtu, basi penye ajira ya kudumu lisingekuwepo. Lakini lipo. Uliza mtumishi yeyote wa umma aliyewahi kuhamishwa ghafla kwa sababu alimjibu mkubwa. Na mfano mkubwa kuliko yote ni wa Ufaransa. France Télécom ilitaka kupunguza watu 22,000, wengi wao wakiwa na hadhi ya watumishi wa umma wasiofukuzika. Mkuu wake alisema mwaka 2006 kwamba watatoka, ama kwa mlango ama kwa dirisha. Yakafuata miaka ya kuhamishahamisha watu, kuwanyang'anya kazi, kuwafanya wajione hawafai, na wafanyakazi kadhaa wakajiua. Desemba 2019 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni pamoja na wakubwa wake wa zamani.

Nimelifikiria pingamizi hilo na naona linairekebisha hoja yangu bila kuivunja. Pale, kumfukuza mtu kulikuwa ghali, na kumtesa hadi aondoke kulikuwa bure. Hesabu ni ileile, imegeuzwa tu. Nasi tunayo hiyo ya pili pia. Msimu wa mvua, kuanzia Aprili, hoteli za pwani hubaki na vyumba vitupu. Kumpunguza mfanyakazi wa kudumu kisheria kunataka notisi, na malipo ya mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Kumpangia zamu za usiku mfululizo, kumtia jikoni aliyekuwa mapokezi, na kumwita zee la kunguni mbele ya wageni ni bure. Akiandika barua ya kuacha mwenyewe, miaka yake 12 imeyeyuka. Kwa hiyo si kila tusi linatoka kwenye hasira. Mengine yana bajeti.

Wala nisimbebeshe supavaiza lawama zote. Wakala wa meli anamfokea mwenye kampuni, mwenye kampuni anamfokea karani, karani dereva, dereva tanboi, na tanboi anamalizia kwa bawabu. Supavaiza wa mashuka naye alikuwa ametumiwa kitu na mtu saa 4 usiku.

Kwa nini basi nasema tuache semina? Kwa sababu semina inamfundisha mtu asifanye jambo linalomlipa. Ukitaka alipunguze, libandike bei. Bei ya kwanza ipo tayari: kifungu cha 37 kitekelezwe, maafisa wa kazi wafike mageti ya Mikindani asubuhi badala ya kungoja malalamiko ofisini, kwani mtu aliyekwisha kuandikwa kwa mwezi hawezi kuambiwa getini wako wengine kwa wepesi uleule. Bei ya pili inahitaji Bunge. Kifungu cha 44 kiongezewe pacha wake: mwajiri, au aliyewekwa na mwajiri, akimtukana au kumdhalilisha mfanyakazi, mfanyakazi huyo aweze kuondoka siku hiyohiyo bila kulipa notisi, akiwa na stahili zake zote, na mwajiri ndiye athibitishe kwamba halikutokea. Maneno ya kulieleza tusi yamo kwenye sheria tayari. Vyama vya bandari na vya wafanyakazi wa hoteli vingeweza kulidai hili kwenye mikataba yao ya pamoja hata kabla ya Bunge, na sijui kwa nini mazungumzo yao huishia kwenye asilimia za mshahara wakati Kiembeni hayakuishia hapo.

Mwenye duka la vitambaa Barabara ya Biashara, mwenye wafanyakazi wawili ambao mmoja ni mpwa wake, atasema sheria hiyo itamtia woga wa kuajiri. Ana haki ya kuogopa, na mahakama italazimika kutenganisha siku moja mbaya na mwenendo wa mwaka mzima. Ila siku hizi uthibitisho si mgumu kama zamani. Matajiri wenyewe wamehamishia matusi kwenye simu, yana tarehe, yana saa, yana mashahidi 63.

Yule kijana wa feri bado yuko kazini. Anangoja kukusanya mshahara mmoja wa ziada ili akiondoka asidaiwe. Nilimwambia azitunze zile sauti, kwamba muda wa kufungua kesi ya ajira ni miaka 3. Akaigeuza simu akanionyesha kioo, ufa umeanzia pembeni na kukata mpaka katikati, akaniuliza kama nadhani itafika.